Soda ya Bumula

Mama mwenye mtoto mdogo, ukienda safari na mzigo ambao hukuufunga kwa mkono wako, ufungue kabla hamjafika. Mwaga kila kitu chini, hata kama watu watakucheka kando ya barabara. Nabwile hakumwaga, na hakuwa na sababu ya kumwaga. Kiondo kilikuwa cha nyumbani, na aliyekifunga mwisho alikuwa bwana yake, baba ya mtoto.

Ilikuwa Desemba, wakati watu wa Kwanza, kule karibu na Kitale, wanaanika mahindi. Nabwile alikuwa amesimama mlangoni tangu chai ya asubuhi, amevaa viatu vya kanisani, na Kibe, kijana wake wa miaka mitatu, amemshika sketi. Walikuwa wanaenda Bumula kwa mamake Nabwile, ambaye hakuwa amemwona huyo mjukuu isipokuwa kwa picha za simu. Gathogo, bwana yake, alikuwa ametoka mapema kwenda kwa jirani yao Chesang, na hakuwa amerudi.

Mama mkwe wake, Wangui, cucu wa mtoto, yaani nyanya kwa Kikuyu, alikuwa anageuza mahindi kwenye turubai kwa mguu.

"Mama Kibe, jua limepanda. Huko kwenu si ni mbali?"

"Si mbali sana, cucu. Tukitoka sasa tutafika mchana."

"Na mtoto atakula nini njiani? Tumbo lake si la kula kila mahali." Wangui akamwita mtoto. Kibe alikuwa amepewa jina la marehemu bwana ya Wangui, kwa hivyo Wangui alimwita mzee wangu, na hakuwa anatania. "Mzee wangu, sasa unaniacha na nani?"

"Nakuja kesho," Kibe akasema.

"Haya. Usizoee huko."

Nabwile alisikia, akainama kumfunga Kibe kiatu. Kwa hilo boma alikuwa amejifunza kunyamaza. Kila akisema neno lilijibiwa kwa Kikuyu, watu wakacheka, halafu akiuliza anaambiwa si kitu.

Gathogo alirudi akitembea haraka, mkono mmoja ndani ya koti. Alipitia jikoni, akainua kiondo ambacho Nabwile alikuwa amepanga sukari, majani chai na mafuta ya kupikia, akakishindilia kitu ndani, akatoka nacho begani.

"Leo ndio siku ya kwenda kukaa kwa Chesang?" Nabwile akamuuliza.

"Twende."

"Siku mama yangu anachinja kuku kwa ajili yako, ndio unamkumbuka Chesang."

"Nimesema twende, mama Kibe."

"Ingekuwa ni mama yako ungekuwa ulishafika."

Gathogo angefungua mdomo hapo, hadithi hii isingekuwapo. Kwa Chesang alikuwa ameenda kwa sababu ya huyo huyo mama. Sellah, mamake Nabwile, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mara nyingi kwa simu alikuwa amelalamika kwamba kupe wanammaliza. Gathogo alisikia siku hizo zote akajifanya hasikii. Sasa dawa ya kupe inakuja kwa mkebe mkubwa, na mtu wa ng'ombe mmoja au wawili hawezi kuununua peke yake. Watu wa pale hununua wakiwa wawili, mkebe unakaa kwa mmoja, na mwingine anakuja na chupa anapimiwa. Chupa huwa ni ile mkono umeikuta. Ya Gathogo ilikuwa ya soda ya machungwa, na karatasi yake ilikuwa bado inang'aa.

Alitaka kumshangaza mke wake. Lakini mtu akigombezwa kwa sababu ya jambo jema ambalo alikuwa analifanya, ulimi unakuwa mzito. Anasema moyoni, wacha atajua mwenyewe. Walipanda gari hawaongei.

* * *

Kitale walishuka kubadilisha gari. Kwenye kibanda karibu na stendi kulikuwa na soda zimepangwa juu ya barafu, na Kibe akasimama akakataa kutembea.

"Mama, soda."

"Hapana. Ukikunywa saa hii utatapika kwa gari."

"Nataka."

"Utakunywa kwa kukhu. Kukhu ako na soda yako."

Mama wote tunasema hivyo. Unamwahidi mtoto kitu ili mguu utoke, na unajua mtakapofika atakuwa amesahau. Kibe hakusahau. Alienda njia yote mpaka Bungoma, na kutoka Bungoma mpaka Bumula, akiimba hiyo soda ya kukhu, nyanya yake wa Bumula, kama wimbo wa shule.

* * *

Kwa Wabukusu, watu wa kina Nabwile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali meza moja. Ni heshima. Lakini wenyewe wanajua mahali pa kuilegeza. Mama mkwe anageuza uso pembeni anasema neno lake, mkwe anajibu akiangalia kuku, maisha yanaenda. Gathogo hakujua hiyo ya kulegeza. Aliyemfundisha ni Wekoye, kaka yake Nabwile, siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha. "Shemeji," alimwambia, "ukimwongelesha mama, mkono utaanza kutetemeka mpaka jembe likushinde." Watu walicheka na Gathogo alicheka. Tangu hiyo siku aliishika desturi ya wenyewe kuliko wenyewe.

Kwa hivyo walipofika, kiti chake kilikuwa kimewekwa nje, kando ya ghala, na akakaa hapo akiangalia chini. Sellah alisalimia kutoka nyuma ya jikoni, leso kichwani.

"Karibuni, watu wa Kwanza. Mmefika salama?"

"Tumefika," Gathogo akaambia viatu vyake.

"Na mwenye nyumba yuko wapi?" Sellah akauliza, na Kibe akasukumwa mbele. Huyo mama alipiga magoti kwa vumbi. Alimshika mtoto masikio, akamshika vidole kimoja kimoja, akamnusa shingo, akamwita baba kwa lugha yao. "Papa. Papa wangu. Kumbe picha zilikuwa zinakudhulumu."

Nabwile akaingiza kiondo sebuleni akakiweka kando ya kochi. Gathogo alikiona kikiingia. Alifikiri atamwambia Wekoye, Wekoye amwambie mama, maana hivyo ndivyo neno linavyosafiri kwa ukwe. Wekoye akatokea na panga mkononi.

"Niaje shemeji. Kuku bado. Twende nikuonyeshe miwa."

"Ngoja kidogo. Kuna kitu kwa kiondo nataka umwambie mama..."

"Kiondo iko na wamama, hiyo mimi siingilii. Kama ni sukari wataiona. Si twende, bana."

Gathogo akaangalia mlango. Sellah alikuwa ndani, sauti yake inasikika, hatua chache tu. Angesema neno moja kwa nguvu. Akainuka akafuata miwa.

* * *

Nabwile alikuwa nyuma ya jikoni, ananyonyoa kuku kwa maji moto. Sebuleni walibaki wawili, nyanya na mjukuu, na walikuwa wanaongea vizuri.

"Kukhu, soda yangu iko wapi?"

"Soda gani, papa?"

"Mama alisema iko kwa kukhu."

Sellah hakuwa na soda. Aliona aibu kwamba mtoto wa binti yake amefika mara ya kwanza na hana hata kitu cha kumpa. Akafungua kiondo akitafuta biskuti, na chupa ilikuwa hapo, kati ya sukari na majani chai. Moyo wake ukafurahi. Aliona imepungua, akafikiri walikunywa njiani. Alipofungua alisikia harufu kidogo, akafikiri ni mafuta ya kupikia yamevuja. Akachukua kikombe cha wageni, chenye maua, akakifuta kwa leso, akamimina.

"Kunywa polepole. Ni yako yote."

Mtoto mwenye kiu hanywi polepole. Alimeza mara mbili kubwa kabla ulimi haujamwambia, halafu akatupa kikombe akalia. Sellah aliinama akaonja kilichobaki kwa ncha ya kidole, akatema. Nabwile alisikia anaitwa kwa sauti ambayo hajawahi kusikia kwa mama yake, akakimbia na manyoya mikononi.

"Soda imeharibika," Sellah alikuwa anasema, akimwita binti yake mayi, yaani mama. "Mayi, ile soda yenu imeharibika."

Jirani wakaja. Mmoja akasema maziwa, kwa sababu hata sisi tuliambiwa na mama zetu kwamba maziwa yanaua sumu. Mtoto akamiminiwa maziwa. Mwingine akasema atapike, akaingiza kidole mpaka kooni. Kibe akatapika, akakohoa, akatapika tena kwa pua. Halafu akanyamaza. Kichwa kikaanguka kwa bega la mama yake kama mtoto aliyechoka na mchezo, na wale wanawake wakasema afadhali, amelala.

Nabwile akamwekea mkono kifuani. Hakupenda huo usingizi. Hakungoja mtu. Alitoka barabarani na mtoto mgongoni, viatu vya kanisani vikabaki jikoni, akasimamisha pikipiki ya kwanza.

Juu ya pikipiki alimpigia Gathogo simu.

"Tunaenda hospitali Bungoma. Mtoto amekunywa soda mbaya."

"Soda gani?"

"Ile ilikuwa kwa kiondo."

Alisikia upepo kwa majani ya miwa. Akafikiri laini imekatika, akaita tena, "Baba Kibe?"

"Nakuja," Gathogo akasema, akakata simu.

* * *

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, Jelimo, na hakuwa na maneno mengi.

"Amekunywa nini?"

"Soda, daktari. Ya machungwa. Labda ilikuwa imepitisha siku."

Jelimo akainama akanusa shati ya mtoto. "Mama, hii si soda."

"Ni soda."

"Soda hainuki hivi. Hii ni dawa. Ya mahindi ama ya mifugo. Ni gani?"

"Kwa mama yangu hakuna dawa."

"Nani alimpa?"

"Nyanya yake. Mama yangu."

Jelimo akainua kope ya mtoto, akaweka kifaa chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko Nabwile alivyotaka. "Na wewe na mama yako mnapatana?"

Nabwile hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alitamani afadhali angepigwa kofi. Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuka wakamwangalia, yeye na miguu yake bila viatu na manyoya ya kuku yamekauka kwa mikono.

"Tunapatana," akasema.

"Sikuulizi kwa ubaya. Moyo wake unapiga polepole sana. Ziko dawa aina mbili tatu zinazomfanya mtoto hivi, na kila moja ina matibabu yake. Nikikosea nitamwongezea. Nataka jina la hicho kitu, na nalitaka saa hii. Na maziwa alipewa na nani?"

"Majirani."

"Na kutapishwa?"

"Majirani."

"Imeingia mapafuni. Siku nyingine mtoto akimeza dawa, msimpe kitu wala msimtapishe. Leteni mtoto na leteni chupa." Akarudi kwa kitanda. "Tafuta jina, mama."

Nabwile akampigia mama yake. Sellah alikuwa ameshika chupa bado. Akasoma kilichoandikwa, pole pole, na kilikuwa ni jina la soda.

Gathogo aliingia wakati huo, suruali imejaa vumbi la shamba la miwa. Nabwile alimshika koti.

"Baba Kibe, wanafikiri mama yangu amempa mtoto sumu. Waambie. Waambie kwetu si watu wa hivyo."

Aliangalia mke wake, akaangalia benchi iliyojaa macho, akaangalia pazia ambalo mtoto alikuwa nyuma yake. Halafu akampita Nabwile akamwendea daktari, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Ni ya kupe. Ya kuosha ng'ombe. Niliiweka mimi."

"Jina?"

"Jina sijui. Tulipimiwa. Mkebe uko kwa jirani, Kwanza."

"Piga simu."

Simu ya Chesang haikupatikana. Ikabidi ampigie mama yake, na Nabwile alikuwa karibu, alisikia pande zote mbili.

"Mama, kimbia kwa Chesang. Angalia mkebe wa dawa ya kupe, unisomee kile kimeandikwa."

"Kwa nini?"

"Mtoto amekunywa dawa huku Bumula."

Sauti ya Wangui ikapanda. "Mzee wangu? Nani amempa?"

Gathogo akaangalia ukuta. "Kimbia kwanza, mama. Daktari anataka kulinganisha na hiyo yetu."

Wangui aliacha mahindi kwa kuku akakimbia, yeye na miguu yake ya baridi yabisi. Alikuta mke wa Chesang, wakatoa mkebe nje kwa jua, na akaanza kusoma herufi moja moja akihema, huku Gathogo akizirudia na Jelimo akiandika kwenye kiganja chake. Hawakufika mwisho wa jina. "Hiyo naijua," Jelimo akasema, na pazia likafungwa.

Walingoja kwenye benchi. Nabwile alikaa huku na Gathogo kule, na katikati kulikuwa na nafasi. Mzee mmoja alikuja akauliza, "Hapa pana mtu?" Wote wawili wakasema hapana. Akakaa katikati yao na mguu wake wenye bandeji, akawaeleza habari ya mguu mpaka jioni, na hakuna mmoja wao aliyemsikia.

* * *

Kibe aliamka asubuhi yake. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi na sauti imekauka, lakini aliamka akaitisha uji. Wangui alikuwa amefika na gari la mapema kutoka Kitale, amekaa kwa kiti cha pekee kilichokuwa karibu na kitanda, ameshika mguu wa mtoto juu ya blanketi.

Sellah pia alikuwa amekuja, lakini hakuingia. Mkwe wake alikuwa ndani, na si heshima. Alisimama nje kwenye ua, akamtuma mtu amwite Nabwile.

"Ameamka?"

"Ameamka, mama. Anaitisha uji."

"Nimeleta." Alitoa themosi kutoka ndani ya leso. Alikuwa amesaga wimbi mwenyewe. "Hauna maziwa. Daktari alisema maziwa hapana, si ndio? Ni wimbi tu na sukari."

Nabwile aliingia nayo wodini. Wangui aliiona kutoka mbali.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Kwa kukhu yake."

"Irudishe."

"Cucu, ni uji tu."

"Hata ile ilikuwa soda tu."

Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka wasikie. Nabwile alimwangalia Gathogo. Alikuwa amekaa kwa ncha ya kitanda, ameshika soksi ya mtoto, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Nabwile alimpa muda. Alimpa muda wa kutosha mtu kusema maneno matatu. Halafu akatoka na themosi.

"Daktari amekataza chakula cha nje," akamwambia mama yake.

Sellah aliangalia watu waliokuwa wanapita langoni na sufuria zao na vyombo vyao, wengine wamebeba mpaka chapati. Akachukua themosi akaifunga tena kwa leso, vizuri, fundo mbili.

"Haya," akasema. "Daktari ndiye anajua."

* * *

Huko Kwanza habari ilifika kabla yao, na ilifika vile Gathogo alivyoisema kwa simu, kwamba mtoto alikunywa dawa huko Bumula. Wengine wakaongeza ni nyanya alimpa, na hiyo ilikuwa kweli. Wengine wakaongeza kwa nini, na Chesang, aliyepima ile dawa, akaona si yake kuingilia. Rahab, kiongozi wa akina mama kanisani, alisimama akamshukuru Mungu kwa kuponya mtoto kutoka mikono ya adui, na Nabwile alikuwa amekaa hapo hapo mstari wa pili, akasema amina na wengine, maana angefanya nini. Kwa posho mili, watu wakingoja kusagiwa unga, vijana wakaanza mzaha. Mmoja akimpa mwingine kinywaji, anaambiwa, "Kunywa wewe kwanza. Isiwe ni ile soda ya Bumula." Walipomwona Nabwile wakajifanya wanahesabu magunia.

Siku moja wakipukuchua mahindi stooni, wao wawili tu, alimwambia bwana yake.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Useme ilikuwa yako. Useme hukutuambia."

"Kwa daktari nilisema."

"Daktari si mtu wa Kwanza."

Gathogo alisugua gunzi kwa gunzi mpaka punje zikaisha, akaendelea kusugua. "Mama ana presha. Mtoto amepona. Nataka tusahau."

"Mama yangu hajasahau. Hashiki simu zangu."

"Atashika."

"Ulikuwa unampelekea dawa, baba Kibe. Ulikuwa umefanya kitu kizuri. Hata hicho umekikataa."

Gathogo akachukua gunzi jingine. Nje Wangui alikuwa anamlisha Kibe, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikionja yeye kwanza.

Asubuhi iliyofuata Nabwile alivaa akaenda Bumula. Mtoto hakuruhusiwa kwenda, na Nabwile hakumwomba mtu. Tangu kuolewa hakuwa amepita hiyo njia bila kubeba kitu, na mikono haikujua ikae wapi.

* * *

Sellah alikuwa amekonda. Alimkaribisha binti yake, akaweka birika mezani na vikombe viwili, akakaa upande wa pili na mikono chini ya leso.

"Jimiminie," akasema.

"Mama, mimi ni mgeni leo."

"Jimiminie, mayi."

Wekoye alikuwa ameshamwambia kwa simu kwamba iko hivyo. Mama anapika, anapakua kwa sufuria, lakini hamimini tena kitu kwa kikombe cha mtu. Hata padri alipokuja kumwombea alijimiminia mwenyewe.

Nabwile alikunywa nusu kikombe. Halafu akatoa simu, akampigia Gathogo, akaiweka mezani kando ya birika ikiwa kwa sauti kubwa.

"Niko kwa mama," akamwambia. "Simu iko hapa mezani. Kama kuna kitu unataka kusema, sema. Kama hakuna, kata."

Hakukata. Ilisikika jogoo wa Kwanza, ikasikika sauti ya Kibe mbali akiita. Gathogo akakohoa, akavuta pumzi, na pumzi ikatoka imevunjika. Sellah alipoisikia hiyo pumzi aliinuka. Akavuta leso ikafunika kichwa, akachukua kopo lililokuwa mlangoni akatoka nje. Nabwile alimwona akitoka. Hakumwita, na hakumwambia bwana yake.

"Mama," Gathogo akasema. "Ile dawa niliiweka mimi. Niliskia ng'ombe yako inasumbuliwa na kupe. Nilitaka kukuletea. Sikusema, hata kwa bibi yangu sikusema, nikaogopa kukuongelesha. Si wewe. Ni mimi."

Alisema kwa kiti kitupu na birika. Nabwile alikaa akasikiliza kwa niaba ya nyumba.

"Amesikia?" Gathogo akauliza.

Kabla hajajibu, ikasikika sauti nyingine huko Kwanza, ya mama mzee, karibu sana na simu, haina hasira hata kidogo. "Gathogo. Hebu rudia hapo." Halafu simu ikakatika, na Nabwile hakujua ni nani ameikata.

Alimkuta mama yake kando ya ng'ombe, ameinama chini ya shingo, anatoa kupe kwa vidole na kuwatupa kwa kopo lenye majivu ya moto. Tangu hiyo siku hakuruhusu dawa ipite langoni.

"Amesema, mama."

"Nilitoka. Mkwe akilia si kitu cha mimi kusikiliza."

"Amesema ni yeye aliweka. Na mama yake pia amesikia."

"Kuweka, aliweka yeye." Sellah akatafuta kwa sikio la ng'ombe, akapata, akavuta. "Kumimina, nilimimina mimi. Nilikifuta kile kikombe."

Nabwile alitaka kumshika, lakini ng'ombe alikuwa kati yao.

"Anakula?" Sellah akauliza.

"Anakula. Kifua bado kidogo. Anakuulizia, mama. Nitamleta Pasaka."

Sellah alisimama, akanyoosha mgongo, akaangalia barabara ambayo huwa wanakuja nayo.

"Usimlete," akasema. "Mlete siku atakuwa na akili ya kunikatalia."